Pole nyingi, msaada kiduchu

Mtu akigunduliwa na kisukari aina ya pili, washauri hujaa nyumbani kabla wiki haijaisha. Wanaomfaa ni wachache, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui awaombe nini.

Habari ya kisukari haikai muda mrefu na mwenyewe. Mtu akitoka hospitali Jumatatu na vidonge kwenye bahasha, hadi Jumatano shemeji ameshapiga simu kumwambia aache wali kabisa. Shangazi ametuma kopo la unga wa mlonge. Jirani amekuja kumsimulia mjomba wake aliyekatwa mguu, na mwenzake wa kazini amemhakikishia kwamba dona haina sukari, ale mpaka ashibe. Wote wamekuja kwa mapenzi, na wote wameanza na pole. Wakishaondoka, mgonjwa anabaki na maswali yale yale aliyotoka nayo hospitali: kesho asubuhi nile nini, kidonge nimeze saa ngapi, na nikikosea nitajuaje?

Wiki hizo za mwanzo ndizo mtu anapojenga mazoea atakayoishi nayo miaka mingi. Ndizo pia anapokata shauri, mara nyingi bila kumwambia yeyote, kama atarudi kliniki au la. Ndiyo maana inafaa kuulizana ni msaada gani hasa unaomfaa mgonjwa mpya. Jibu la makala haya ni jepesi kulisema, gumu kulitenda: msaada unaofaa humwezesha mgonjwa kufanya jambo ambalo jana lilimshinda. Usipomwezesha kufanya lolote, hayo ni maneno tu, hata yakiwa matamu.

Ugonjwa ambao wazee hawakuukuta

Ushauri wa mitaani hukosea kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanyika katika vijiji 6 vya Tanzania, kazi ya Profesa Donald McLarty na wenzake, akiwamo Profesa Andrew Swai. Waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikikuta kwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwani ile ya kwanza ilikwenda vijijini tu, lakini picha ya jumla haina ubishi. Bibi aliyelea watoto miaka ya 1970 alizijua dalili za surua na malaria bila kufundishwa darasani. Kisukari hakukiona kwa majirani zake, kwa hiyo hakuwa na la kuwarithisha wajukuu.

Pengo hilo la maarifa ndilo linalojazwa na uvumi. Kibaya zaidi, wengi hawajui hata kwamba wanaumwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamegunduliwa. Anayepewa majibu leo huenda ameishi nao miaka kadhaa akidhani uchovu ni wa kazi na kiu ni ya joto la Dar es Salaam.

Uvumi wa kwanza unaoumiza ni ule wa lawama: kwamba alijitakia kwa kupenda vitu vitamu. Mwili wa mwenye kisukari aina ya pili bado hutengeneza insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho na kuiwezesha sukari kuingia kwenye seli. Tatizo ni kwamba seli huiitikia kivivu, na kadiri miaka inavyopita kongosho lenyewe huzidiwa na kazi. Uzito, hasa mafuta ya tumboni, huchangia. Kukaa bila kuushughulisha mwili huchangia. Umri na urithi wa ukoo navyo vimo. Soda za kila siku zina sehemu yake, lakini wapo wanaokunywa soda maisha yao yote wasiugue, na wapo wembamba wanaougua. Anayelaumiwa hujificha, na anayejificha hula kwa siri na kumeza dawa kwa siri. Hakuna anayeweza kumsaidia mtu wa namna hiyo.

Kliniki: nenda na maswali, nenda na mtu

Msaada wa kwanza wenye uzito unatoka kliniki ya sukari. Hospitali kama Amana, Temeke na Mwananyamala jijini Dar es Salaam zimekuwa na kliniki hizo kwa miaka mingi, na Zanzibar wagonjwa huhudhuria Mnazi Mmoja. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache kwa kila mtu. Dakika hizo humfaa aliyejiandaa.

La kwanza kuuliza ni namba: sukari yangu ni ngapi, na ilipimwa kwa njia gani? Kipimo kinachochukuliwa asubuhi kabla ya kula, baada ya saa 8 bila chakula, huhesabiwa kuwa kisukari kikifika 7.0 kwa kizio cha milimoli kwa lita. Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hicho, kikifika asilimia 6.5, ni kisukari. Kwa watu wengi lengo la matibabu ni kukishusha chini ya asilimia 7, ingawa mzee mwenye maradhi mengine anaweza kuwekewa lengo lisilo kali hivyo. Mtu akilijua lengo lake, sukari ikipanda kidogo baada ya harusi hatapigwa na hofu, wala hatajidanganya kwamba amepona ikitulia siku moja.

La pili ni dawa: inaitwaje, inamezwa kabla au baada ya kula, nikisahau nifanyeje, na je, inaweza kuishusha sukari kupita kiasi? Swali hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili. Wengi huanzishiwa metformin, ambayo ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kwa kiwango cha hatari. Usumbufu wake ni tumbo: kichefuchefu, gesi na kuharisha katika wiki za mwanzo. Kwa kawaida hali hiyo hupungua dozi ikianza ndogo na kidonge kikimezwa pamoja na chakula, na ipo aina inayoachia dawa polepole kwa wale wanaosumbuka zaidi. Asiyeambiwa hayo huacha vidonge kimyakimya wiki ya pili, kisha huhesabiwa kuwa mkaidi. Glibenclamide, inayotumika sana katika hospitali zetu, ina tabia nyingine. Aliyeimeza akaruka mlo anaweza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba na hata kupoteza fahamu.

La tatu ni ratiba: macho yangu yatachunguzwa lini, figo je, miguu je? Mgonjwa wa aina ya pili anapaswa kufanyiwa uchunguzi huo tangu anapogunduliwa, kisha walau mara moja kila mwaka, kwa kuwa sukari huenda ilianza kuharibu mishipa kabla hajajua. Presha ipimwe kila anapohudhuria.

Maswali hayo yaandikwe kwenye daftari, na afuatane na mtu. Aliyetoka kuambiwa ana ugonjwa wa maisha hasikii vizuri yanayofuata. Msindikizaji ndiye anayekumbuka kwamba nesi alisema kidonge kimoja kwa wiki ya kwanza, viwili baadaye. Wafike mapema vilevile, kwani elimu ya afya hutolewa asubuhi, kabla foleni haijaanza kusogea, na waliochelewa hupata dawa bila somo.

Hata hivyo, somo lina mipaka yake, na Uingereza waliipima. Programu iitwayo DESMOND iliwapa watu waliogunduliwa karibuni mafunzo ya saa 6 katika vikundi. Matokeo ya watu wazima 824 yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la BMJ. Baada ya mwaka mmoja waliofundishwa walikuwa wamepungua uzito zaidi, waliweza zaidi kuacha sigara, na waliuelewa vizuri zaidi ugonjwa wao. Wastani wa sukari yao haukutofautiana kwa maana na wa wenzao. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, karibu kilichobaki ni uelewa tu. Somo la siku moja hufungua macho, lakini haliwezi kupika chakula cha jioni cha mwezi wa nane. Anayepika ni wa nyumbani, na kazi kubwa imelala huko.

Chungu kimoja

Katika nyumba nyingi msaada huanza kwa katazo. Mgonjwa akinyoosha mkono kwenye chapati, watoto wanapiga kelele: "Baba, sukari!" Wiki ya kwanza anacheka. Wiki ya tatu anakula kwa mama lishe kabla ya kurudi nyumbani, kisha mezani anaonja kidogo ili asisemwe. Familia inaamini imemlinda, kumbe imemfundisha kuficha.

Njia inayofaa ni kubadilisha chungu badala ya kumchunga mlaji. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na nyinginezo: mchicha, matembele, bamia, kabichi, mlenda. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki au nyama. Robo inayobaki iwe wanga: ugali, wali, ndizi au mihogo. Hakuna chakula cha Kiswahili kilichofukuzwa hapo. Kilichobadilika ni vipimo. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, na hiyo ni faida, lakini dona bado ni unga wa mahindi. Mlima wake utaipandisha sukari kama mlima wa wali. Uji wa unga uliosagwa laini na kusifiwa kuwa wa lishe nao ni vilevile, na asali, hata iwe ya nyuki wadogo wa Tabora, inaingia kwenye damu kama sukari.

Sehemu za pwani kuna jambo la ziada: sinia. Watu wanne wakizunguka pilau moja, hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na mgeni akiacha kula mapema mwenyeji hunung'unika. Aliyegunduliwa karibuni ajipakulie sahani yake kabla sinia halijawekwa, kisha akae na wenzake ale nao. Hakosi baraka ya kula pamoja, na kipimo chake kinabaki mkononi mwake.

Nyumba nzima ina sababu ya kula hivyo. Kisukari aina ya pili hutembea katika ukoo. Watoto na ndugu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua, hivyo mboga zinazoongezwa kwa ajili ya baba zinawakinga na wao. Nduguze wa tumbo moja waliofika makamo waende nao kupima.

Liko swali ambalo familia hazipendi kuulizwa. Baba akigunduliwa, jiko hubadilika. Je, mama akigunduliwa? Mara nyingi anaendelea kuwakaangia wengine viazi na maandazi huku akijichemshia mboga pembeni, anakula wa mwisho, na siku ya kliniki anaghairi kwa sababu mtoto ana homa. Kumsaidia mwanamke huyo maana yake ni kuchukua kazi mikononi mwake: mtu mwingine akae na mtoto siku ya kliniki, mwingine awashe jiko jioni ili yeye apate nusu saa ya kutembea, na wote waridhike na chungu kimoja. Kumwambia "mama, jitunze" na kumwachia kazi zote hakumsaidii lolote.

Wa nyumbani wajue pia la kufanya sukari ikishuka. Mgonjwa akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea kama aliyelewa, apimwe kama mashine ipo karibu. Ikisoma chini ya 4, au kama mashine haipo, anyweshwe vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Apimwe tena baada ya dakika 15, arudiwe kama bado, kisha apewe chakula. Akizimia asinyweshwe kitu chochote, akimbizwe hospitali. Mtoto wa miaka 12 anaweza kulijua hili, na siku moja huenda akawa yeye peke yake nyumbani.

Waliotangulia

Daktari anajua dawa, mke anajua jiko. Namna ya kukataa soda ugenini bila kumuudhi mwenye nyumba anaijua aliyekwisha kuikataa. Ndiyo sababu mgonjwa mpya anahitaji walau mtu mmoja aliyeishi na kisukari miaka kadhaa na bado ana macho, miguu na kazi yake. Kumwona tu mtu huyo ni jibu kwa ile hofu ya usiku kwamba maisha yamekwisha.

Nchini Uganda, watafiti waliwahi kuwaunganisha watu wazima wenye kisukari aina ya pili wawili wawili, wakawapa mafunzo mafupi na kuwaomba wawasiliane kila wiki kwa simu au ana kwa ana. Baada ya miezi michache wastani wa sukari yao ulikuwa umeshuka. Lilikuwa jaribio dogo, haliwezi kubeba hitimisho kubwa, lakini lilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana hapa kwetu kwa gharama ya vocha. Kwa Tanzania, Chama cha Kisukari kilichoanzishwa miaka ya 1980 kimekuwa mlango mmojawapo wa kuwapata wenzako. Benchi la kliniki ni mlango mwingine, na ndio ulio karibu zaidi. Muulize nesi akutajie mgonjwa wa siku nyingi anayefanya vizuri, umwombe namba ya simu.

Mzoefu mzuri hujulikana kwa namna anavyosimulia. Hadithi ya mguu uliokatwa ingemfaa mgonjwa kama ingeishia kwenye maelekezo: kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, tumia kioo au macho ya mwanao kama huwezi kuinama, usitembee peku hata uani, usiweke miguu kwenye maji ya moto, na mchubuko usiopona siku chache upelekwe hospitali kabla haujawa kidonda ndugu. Dar es Salaam ndiko Dk Zulfiqarali Abbas alikotumia miaka mingi kutibu na kuchunguza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Mradi wa Step by Step, aliokuwa miongoni mwa waasisi wake, ulifundisha madaktari na wauguzi wa hospitali mbalimbali nchini jinsi ya kuokoa miguu. Funzo lake kuu linafaa hata mtaani: miguu mingi hupotea kwa kuchelewa.

Wapo waliotangulia ambao ni hatari, hasa yule anayesema "mimi nilipona kabisa, vidonge nilitupa." Hapa ukweli una pande mbili. Utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika Scotland na eneo la Tyneside nchini Uingereza chini ya Maprofesa Mike Lean na Roy Taylor, ulihusu watu waliogunduliwa ndani ya miaka 6. Kundi moja lilipunguziwa uzito kwa mpango mkali wa chakula. Matokeo yaliyotolewa mwishoni mwa 2017 yalionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo walikuwa na sukari iliyotulia bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Kwa hiyo kutulia kwa sukari kunawezekana kwa baadhi ya watu, hasa wenye uzito mkubwa na waliogunduliwa mapema. Lakini walisimamiwa na wahudumu wa afya, dawa zilipangwa na madaktari, na hata waliofanikiwa waliendelea kupimwa kwa sababu sukari hurudi.

Mwenye kopo la mlonge asitukanwe. Aulizwe maswali mawili: je, umepimwa HbA1c kabla na baada? Na je, unanitaka niache vidonge? Akijibu ndiyo kwa swali la pili, mshukuru kwa wema wake na uweke kopo kabatini. Ukiamua kutumia majani yoyote, daktari aambiwe. Atakayekufokea kwa kusema ukweli hakusaidii, lakini utakayemficha hawezi kukusaidia.

Pesa, kazi na mfungo

Kisukari ni ugonjwa wa gharama ndogondogo zisizokoma: nauli ya kliniki, vidonge siku ambayo dirisha la dawa limeishiwa, stripu za kupimia. Mashine yenyewe mara nyingi ni nafuu kuliko stripu zake, na kila aina ina zake. Kabla ya kununua, au kabla ya kupokea zawadi ya mashine kutoka kwa mtoto aliyeko Muscat au Toronto, uliza duka la dawa la mtaani kama stripu zake zinapatikana na zinauzwa bei gani. Angalia pia kizio: nyingine husoma miligramu kwa desilita, ambazo lazima zigawanywe kwa 18 ili zilingane na namba za hospitali zetu. Wapo waliolia kwa kuona 126 wakidhani wanakufa, kumbe ni 7.

Anayetumia metformin pekee kwa kawaida hahitaji kujichoma kila siku. Afadhali apime akiwa na swali: kabla ya chakula cha mchana na saa mbili baadaye, kwa siku chache, apate kuona wali wa kiasi gani unamfaa na ndizi za kiasi gani zinamzidi. Ndugu wanaokuja na kreti la soda na mikate kumjulia hali wangechanga boksi moja la stripu, wangekuwa wamempa msaada wa mwezi. Uandikishaji wa bima nao ni msaada, na ni kazi ambayo kijana wa nyumbani anaweza kuifuatilia mzee asisumbuke na ofisi.

Kazini, adui ni chai ya saa nne. Maziwa, sukari vijiko vitatu, chapati mbili, na kila mtu anachangia. Hakuna anayelazimika kuwatangazia wote ugonjwa wake. Inatosha mmoja ajue. Huyo atamkumbusha mama lishe apunguze wali na aongeze mboga, na atatambua dalili sukari ikishuka. Dereva wa basi au bodaboda anayetumia glibenclamide au insulini ana sababu kubwa zaidi ya kuwa na mtu huyo, na ya kubeba kitu kitamu mfukoni.

Mwezi wa Ramadhani una mashauri yake. Dini imemruhusu mgonjwa kutofunga, lakini wengi wanaona haya kula watu wakiwa wamefunga. Aende kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla, aulize kama yuko salama kufunga na dozi zihamishwe vipi kati ya futari na daku. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unashauri kufungua mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, hata kama adhana ya magharibi iko karibu. Wanazuoni wengi wanasema kujichoma kidole kupima hakuvunji saumu. Imamu anayeyasema hayo msikitini mwezi wa Shaaban humfanyia mgonjwa kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya, kwa sababu humwondolea aibu.

Moyo nao huugua

Tafiti zimeonyesha kwamba sonona huwapata wenye kisukari karibu mara mbili kuliko wasio nacho. Wiki za mwanzo huzuni ni ya kawaida: mtu anaomboleza mazoea yake. Ikizidi wiki mbili, usingizi ukapotea, dawa zikaachwa na mtu akawa hataki kuonana na wenzake, hiyo inahitaji daktari kama sukari inavyomhitaji. Kwa wanaume kuna siri nyingine. Kisukari kinaweza kudhoofisha nguvu za kiume, na wengi huvilaumu vidonge, wakaviacha, mambo yakazidi kuharibika. Yasemwe kwa daktari, na yasemwe kwa mke. Anayeugua pamoja na mwenzake hachoki haraka.

Msaada kwa moyo hauna ufundi mwingi. Badala ya "umekula nini leo?" mtu anaweza kuuliza "leo siku imekwendaje?" Vikundi vya kukimbia na kutembea vilivyotapakaa mitaa ya Dar es Salaam siku za Jumamosi na Jumapili asubuhi hufanya kazi mbili kwa mkupuo: mwili unapata sehemu ya zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtu anapata wenzake ambao kwao yeye si mgonjwa.

Msimamizi wa kuchagua mwenyewe

Nchi hii haihitaji kubuni upya namna ya kupanga msaada. Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilianza kumpa mgonjwa wa kifua kikuu nafasi ya kuchagua: ameze dawa kituoni, au nyumbani chini ya msimamizi anayemteua yeye mwenyewe. Anayeanza dawa za kufubaza VVU naye huhimizwa aje na mtu wake wa karibu, naye afundishwe. Magonjwa hayo mawili yalitufundisha kwamba kidonge kina matokeo mazuri zaidi kikiwa na shahidi. Mgonjwa wa kisukari, mwenye dawa za maisha yake yote, kwa kawaida hutumwa nyumbani peke yake.

Kuna tofauti ya kuzingatia. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi 6, na msimamizi anaweza kuvumilia kuwa mlinzi kwa muda huo. Kwa kisukari, mlinzi wa miaka 20 atachosha na atachoka. Kwa hiyo makubaliano yawe ya muda na yawe ya kazi zinazotajika. Muda unaofaa kwa kuanzia ni miezi 3, kwa sababu ndipo HbA1c ya pili inapoweza kuonyesha kama dawa, chakula na matembezi vimeleta badiliko. Katika miezi hiyo msimamizi awe na kazi tatu au nne tu: kufuatana na mgonjwa kliniki na kuandika yanayosemwa, kuhakikisha vidonge havikatiki, kutembea naye siku mbili tatu kwa wiki, na kujua la kufanya sukari ikishuka. Kuonya kuhusu chapati kusiwe miongoni mwa kazi zake. Miezi 3 ikiisha, waketi na majibu ya kipimo, waamue kipi kiendelee, kipi kiachwe, na kama ni zamu ya mtu mwingine.

Achaguliwe na mgonjwa mwenyewe. Wakati mwingine mke si chaguo zuri kwa sababu ana hofu nyingi, na mtoto wa kwanza yuko mbali. Anayefaa ni jirani wa kuswali naye, au mwenzake wa kikoba. Kliniki zingeweza kuuliza jina la mtu huyo siku ile ile ya kwanza, kama zinavyouliza uzito na presha, na kumtaka ahudhurie somo la asubuhi. Zisipouliza, mgonjwa afungue ukurasa wa mwisho wa daftari lake na aandike mwenyewe: jina, namba ya simu, na kazi ambazo huyo aliyechaguliwa amekubali kuzifanya.